Barua kwa Mwalimu Mkuu kuhusu Chupa ya Maji

Mwalimu,
jina langu ni Kageha. Napima damu
katika maabara ya hospitali, hapa Kisumu,
chumba cha mwisho, mlango usiofungika vizuri.
Barua kama hii huandikwa na daktari, najua.
Daktari ana foleni iliyofika langoni,
na mimi ndiye niliyeiona damu ya Opande
jana saa nane usiku, ikiwa bado na joto lake.

Umemnyang'anya chupa. Umeandika kwenye daftari lake,
kwa wino mwekundu: "Anatoka darasani mno."
Mama yake amenionyesha. Sikuja kugombana.
Nakuandikia kuhusu wekundu mwingine.

Seli ya damu, mwalimu, ni kitu kinyenyekevu.
Haina kiini, imebonyea katikati
kama andazi lililokaliwa na mtoto.
Kazi yake kupita. Na njia za mwisho, kule vidoleni,
kule ndani ya goti, ni nyembamba kuliko yenyewe.
Basi hujikunja. Huingia ubavu ubavu,
kama mama mnene sokoni Kibuye, kikapu kichwani,
apitaye kati ya vibanda viwili na kutokea ng'ambo
akiwa mzima, na nyanya zake zote.
Hivyo kila siku, kwa miezi minne,
hadi uzee uikaze ngozi yake, na bandama,
mkaguzi asiyehongeka, aizuie mlangoni.

Ya Opande haifiki mwezi.
Ikiwa na hewa ya kutosha, hupita.
Ikinyimwa hewa, ikikaukiwa,
kilichomo ndani hujipanga fito kwa fito
nayo ikawa mundu. Mundu haukunjiki.
Mmoja hukwama, wa pili huukuta, wa tatu,
na ng'ambo ya kizuizi hicho
kuna mfupa wa mtoto unaolilia hewa.
Wewe husikia tu: "Mwalimu, mguu."

Nilijaribu kumweleza mama yake haya kwa kalamu,
nikichora miduara nyuma ya karatasi ya majibu.
Aliniacha nimalize. Yeye husuka mikeka ya mafunjo, Dunga;
vidole vyake vimejaa mikato myembamba.
"Funjo kavu," akasema, "ukilikunja linalia ta!
Sisi huliloweka kwanza. Kumbe mwanangu ni hivyo?"
Nikasema ni hivyo. Si hivyo kabisa:
funjo halipandwi na homa, halikimbizwi uwanjani
alfajiri kwenye ukungu. Lakini saa tisa usiku
sikuwa na mfano bora, wala sijaupata hadi sasa.

Kwa hiyo naomba. Mrudishie chupa.
Akinywa, atatoka; figo zake hazijui kubana maji.
Si ujeuri, wala si kukimbia hesabu.
Asubuhi ya mvua asivuliwe sweta
eti halina nembo ya shule. Baridi huibana mishipa,
na njia iliyokuwa nyembamba ikawa tundu la sindano.
Homa ikimpanda usingoje kengele ya saa kumi:
malaria nayo huzikaza seli, hata za wenye afya,
na hapa kwetu ziwani mbu hawana likizo.

Jambo la mwisho halimo kwenye cheti chochote.
Mimi ninayo nusu ya mundu huu, kutoka kwa baba.
Haijawahi kuniuma. Huenda ndiyo iliyonivusha
utotoni, homa ilipowachukua ndugu zangu wawili.
Aliyeupokea kwa baba na kwa mama
ndiye anayelipa deni letu sisi tuliopona.
Likumbuke hilo unaposhika kalamu nyekundu.

Opande aliniuliza, pamba ikiwa bado mkononi,
kama seli zake zikinywa maji zitajifunza kupita.
Nikamwambia zitajitahidi.
Akasema hata yeye hujitahidi, ila mwalimu haoni.

Kageha

Chupa yenyewe ni ya buluu.
Kifuniko kilipotea; mama ameifunga kwa nailoni.